Kipimo cha homa kinapogeuka kuwa hukumu

MGONJWA anayefika katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki akiwa na homa ya siku kadhaa, na ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, mara nyingi huelekezwa maabara kwa vipimo viwili vya haraka. Kimoja ni cha homa ya matumbo, yaani taifodi. Kingine ni cha brusela, maradhi ambayo wafugaji huyafahamu kama ugonjwa wa kutupa mimba.

Majibu hutoka baada ya dakika chache, na wengi huambiwa kuwa wamepatikana na ugonjwa. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa katika eneo hili zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya majibu hayo haistahili kuaminiwa, na wanaobeba gharama ni mgonjwa, mfugaji na taifa kwa jumla.

Vipimo hivyo hufuata kanuni moja. Tone la maji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na bakteria waliokwisha kuuawa. Iwapo damu hiyo ina kingamwili dhidi ya bakteria hao, wao hushikamana na kufanya vibonge vidogo vinavyoonekana kwa macho. Max von Gruber na Herbert Durham waliieleza kanuni hiyo mjini Vienna mwaka 1896, na mwaka huohuo Fernand Widal wa Paris akaitumia kutambua homa ya matumbo. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kanuni hiyo si mbaya. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alikipata kijidudu cha homa iliyowaandama askari katika kisiwa cha Malta, lakini chanzo chake kiliendelea kuwa fumbo. Mwaka 1905 Themistocles Zammit alipima damu ya mbuzi wa kisiwani humo, ambao kwa macho walikuwa na afya njema, akaona kuwa inawashikamanisha bakteria hao.

Zammit na wenzake hawakuishia hapo. Walikitafuta kijidudu chenyewe katika damu na maziwa ya mbuzi hao, wakakipata. Maziwa ya mbuzi yalipoondolewa katika mlo wa askari mwaka 1906, ugonjwa ulipungua kwa kasi.

Hatua hiyo ya pili, yaani kuthibitisha, ndiyo inayokosekana katika zahanati nyingi za leo. Kingamwili ni kumbukumbu ya mwili, wala si ushahidi kwamba kijidudu kimo mwilini wakati huo. Hubaki kwa miezi kadhaa baada ya mtu kupona, na wakati mwingine huchochewa na vijidudu vya jamii nyingine vinavyofanana na vile vinavyotafutwa. Ndiyo maana utaratibu kamili wa kipimo cha Widal unataka damu ichukuliwe mara mbili, kwa muda wa siku 10 hadi 14 kati yake, ili ionekane kama kingamwili zimepanda mara nne au zaidi. Ni wagonjwa wachache wanaorudi kwa kipimo cha pili.

Matokeo ya upungufu huo yalionekana wazi katika kaunti ya Busia, Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapima watu 825 waliofika katika vituo viwili vya afya wakiwa na dalili zinazofanana na za brusela. Kipimo cha haraka kilichozoeleka kiliwatangaza 162 kuwa wagonjwa. Kipimo cha Rose Bengal, ambacho nacho hutumia kanuni ya kushikamana lakini ubora wake unajulikana, kiliwaona wanane tu.

Nchini Tanzania, utafiti wa mwaka 2010 kuhusu watoto 1,680 waliolazwa kwa homa katika hospitali moja ya vijijini ulithibitisha homa ya matumbo kwa watoto 16 tu. Kipimo cha Widal kilifaa kuonyesha nani hana ugonjwa. Lakini katika kila watoto 100 kilichowataja kuwa nao, ni 26 tu waliokuwa nao kweli. Ugonjwa ukiwa nadra, hata kipimo chenye makosa machache huzaa majibu ya uongo mengi kuliko ya kweli.

Makosa hayo yana bei. Tiba ya brusela huchukua wiki sita za doksisaiklini pamoja na dawa nyingine kama rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Kuitumia pasipo sababu ni kuwafundisha bakteria kuizoea.

Aidha, jibu la uongo huficha ugonjwa wa kweli. Mjini Moshi, uchunguzi wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kuwa asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria, ilhali waliokuwa nayo walikuwa asilimia 1.6. Maradhi yatokayo kwa wanyama, ikiwamo brusela yenyewe, yalikuwa mengi lakini yalisahauliwa. Tatizo, basi, ni kwamba brusela hutangazwa mahali isipokuwapo na kupitwa mahali ilipo.

Wapo watakaosema kwamba kuotesha damu maabara ni ghali, huchukua siku kadhaa, na hata hivyo huwakosa wagonjwa wapatao wanne katika kila 10 wa homa ya matumbo. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haihalalishi kutumia kipimo kibovu. Rose Bengal si ghali, na kwa miaka mingi madaktari wa mifugo wameitumia kupima ng'ombe na mbuzi. Maabara za mifugo na za binadamu zikishirikiana, jibu la mgonjwa mmoja linaweza kumfikisha mtaalamu katika zizi ambako ugonjwa ulianzia.

Hesabu sahihi zinahitajika pia kwa sababu nyingine. Malawi ilianza kutoa chanjo mpya ya homa ya matumbo kwa watoto mwaka 2023, na Kenya ikafuata mwaka 2025. Mafanikio ya chanjo hizo hayawezi kupimwa kwa daftari lililojaa majibu ya kubahatisha.

Wizara za afya zina wajibu wa kuviondoa vipimo visivyothibitishwa na kuzijengea hospitali za mikoa na kaunti uwezo wa kuotesha damu. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza jibu lake limethibitishwa kwa njia gani, kabla ya kuanza kumeza dawa za wiki sita.