Ukimimina, Andika Jina

Juzi rafiki yangu mmoja, mnyoaji mwenzangu, alinitumia picha ya rafu ya bafu lake. Chupa saba za kioo zimepangwa kwa urefu kama wanafunzi kwenye gwaride: mzinga mmoja wa wiski, nusu mbili, robo tatu za brandi, na chupa moja ya sosi. Zote zimesuguliwa hadi zikang'aa. Zote hazina hata herufi moja. Ndani mna maji ya kijani, ya samawati na ya kahawia. Akaniandikia: "Ona sasa, ndugu. Si hii ni kama famasia ya zamani?" Nikamjibu kwamba famasia ya zamani ilikuwa na karatasi kwenye kila chupa. Hakufurahi. Basi acha nimjibu hapa kwa kirefu, kwa sababu hayuko peke yake, na mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo.

Kwa msiotujua, sisi ni wale watu ambao wangeweza kunyoa kwa wembe wa plastiki wa kutupa na kutoka nyumbani baada ya dakika tatu, lakini tunataka dakika ishirini. Tunaloweka brashi, tunakoroga povu la sabuni kwenye bakuli, tunafunga kiwembe cha Nacet kwenye mashine ya chuma, tunanyoa polepole. Mwisho tunajipiga mashavu na aftashevu, yale maji makali yenye manukato yanayochoma kidogo halafu yanapoza. Ni starehe ndogo, na ni rahisi kuliko gofu.

Aftashevu nyingi siku hizi huja kwenye plastiki. Hata Old Spice, ambayo kampuni ya Shulton iliwatolea wanaume wa Marekani mwaka 1938 na ikajulikana kwa chupa nyeupe yenye picha ya meli, ilinunuliwa na Procter & Gamble mwaka 1990, na baadaye huko Marekani chupa ikageuka plastiki. Wanyoaji wa kule husaka chupa kuukuu za kioo, wakaziosha na kumimina mpya ndani yake. Nawaelewa kabisa. Kioo hakinyonyi manukato wala hakiyapi harufu yake. Kina uzito mkononi. Na sisi Wakenya hatuhitaji mtu wa kutufundisha kutumia chupa mara ya pili: tumerudisha chupa za soda dukani tangu utotoni, na asali ya kando ya barabara tumeinunua kwenye chupa za wiski. Anayecheka mtu kwa kutumia chupa tena, hajui anachocheka.

Kwa hivyo sina ugomvi na kioo, wala na kumimina. Nina ugomvi na chupa ya kinywaji iliyotiwa kitu kisichonyweka, kisha ikaachwa bila jina.

Nilijifunza hivi. Baba mdogo alikuja kutoka Kakamega kuonwa macho, akalala kwangu Umoja. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia kikohozi bafuni, kile kikohozi cha mtu anayetafuta pumzi. Nikamkuta ameshika sinki kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika robo yangu ya brandi. Yaani chupa ya brandi. Ndani nilikuwa nimemimina mabaki ya aftashevu mbili, moja ya mentoli na nyingine ya viungo, kwa sababu nilipenda harufu zao zikichanganyika. Lebo nilikuwa nimeitoa kwa maji moto na kuikwangua kwa kisu, nikajipongeza kwa kazi safi.

Mzee alinitazama macho yakitiririka machozi akasema, "Mwanangu, hii pombe yako imeharibika."

Leo tunacheka. Siku ile hatukucheka. Nilimsukutuisha kinywa, tukapanda teksi, tukafika hospitalini. Daktari wa zamu, binti mdogo mwenye usingizi machoni, aliuliza swali moja tu la maana: "Alikunywa nini?" Nikasema aftashevu. "Ipi? Ina nini ndani?" Nikanyamaza. Chupa za asili nilikuwa nimezitupa. Majina nilikuwa nayakumbuka nusu nusu. Nilisimama pale nikitafuta picha kwenye simu yangu, mtu mzima mwenye digrii, nisiyeweza kumwambia daktari kilichokuwa kwenye rafu yangu mwenyewe. Walimweka chini ya uangalizi hadi alasiri, akaruhusiwa. Alikuwa amemeza funda moja tu. Tukakosa miadi ya macho.

Nilipowasimulia wenzangu, jibu la kwanza lilikuwa lile lile: "Na yeye alikuwa anafanya nini kunywa bafuni?" Naomba tuliache hilo jibu. Ndiyo, mzee anapenda tone. Alidhani nimeificha mke wangu asiione, jinsi wanaume wengi wanavyofanya. Alisoma chupa, akaisoma sawasawa. Umbo la robo ni lugha ambayo kila Mkenya anaielewa hata bila lebo, na mimi ndiye niliyelitumia kusema uongo.

Lugha hii tunaijua tangu zamani. Ni mtaa gani ambao haukuwahi kuwa na mtoto aliyekunywa mafuta taa kwenye chupa ya soda? Hakuna mama aliyetaka mwanawe adhurike. Alikuwa na mafuta ya shilingi chache na chupa moja tupu. Yeye alikuwa na sababu. Wewe na mimi, wenye brashi tatu na sabuni za kuagiza, tuna sababu gani? Urembo wa rafu?

Wapo wanaosema aftashevu haiwezi kumdanganya mtu kwa sababu ni chungu. Ni kweli baadhi hutiwa denatoniamu, kitu kichungu mno kilichogunduliwa Uskoti mwaka 1958, makusudi pombe hiyo isinyweke. Lakini si zote. Na uchungu huja baada ya kuonja. Aftashevu nyingi za maji zina pombe inayokaribia au kupita ile ya wiski. Kwa mtoto mdogo, kiasi kidogo tu kinaweza kushusha sukari ya mwili hadi apoteze fahamu. Mtoto hasomi uchungu kabla ya kunywa. Anasoma rangi ya samawati.

Wengine wanasema, "Mimi naishi peke yangu." Hata mimi nilisema hivyo siku nyingine, wakati mke wangu yuko safarini. Nyumba ya Mkenya haina mtu anayeishi peke yake. Kuna mpwa wa likizo, kuna dada wa kufua Jumamosi, kuna fundi wa bomba, kuna mama anayefika bila kupiga simu kwa sababu ni kwake pia. Na kuna siku utakayougua wewe mwenyewe, mtu mwingine aje kupanga vitu vyako.

Halafu kuna wale wa hoja ya tatu: karatasi inaharibu uzuri. Hawa ndio wananiudhi. Ndugu, unatumia dakika ishirini kunyoa ndevu ambazo zitarudi kesho, lakini dakika moja ya kuandika ni nyingi?

Sitaki nionekane natia chumvi, kwa hivyo nitataja mambo yaliyotokea. Desemba 2016, katika mji wa Irkutsk, Urusi, zaidi ya watu 70 walikufa baada ya kunywa dawa ya kuogea iliyokuwa ikiuzwa rahisi. Ilikuwa na lebo, na lebo ilisema isinywewe. Lakini lebo ile ile ilisema ndani mna ethanoli, na ndani mlikuwa na methanoli. Walioizoea walidhani wanajua wanachokunywa. Na sisi hapa hatuhitaji kwenda Urusi: Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga na mitaa jirani, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu mia moja. Wengine waliopona walipofuka. Sisemi aftashevu yako ni methanoli. Nasema kwamba katika nchi iliyokwisha kuzika watu kwa sababu kilichokuwa ndani ya chombo hakikuwa kile walichoambiwa, kuficha kilichomo kwenye chupa si ustadi wa kujivunia.

Sasa nifanyeje na chupa zangu? Nilizibakiza, lakini kwa masharti.

Kwanza, chupa iliyowahi kubeba kitu cha kinywani haiingii bafuni. Wala ya wiski, wala ya sosi, wala ile nzuri ya sharubati. Ziko chupa za manukato na za dawa ya ngozi, za kioo cha kahawia kinachozuia mwanga usiharibu harufu. Hizo zinatosha.

Pili, naosha kwa maji moto na sabuni, nasuuza, halafu naiacha ikauke kabisa, siku mbili ikibidi. Matone ya maji yakibaki, mafuta ya manukato yanaweza kujitenga na pombe na aftashevu ikawa na ukungu kama maji ya mchele.

Tatu, naandika kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka ukiguswa na pombe, lakini penseli haiyeyuki. Wanaohifadhi vielelezo vya wanyama ndani ya pombe kwenye makumbusho wanalijua hilo. Naandika jina kamili, tarehe niliyomimina, na neno USINYWE. Juu yake nafunika kwa selotepu pana.

Nne, chupa ya asili naipiga picha mbele na nyuma, orodha ya viungo ionekane, kabla haijatupwa. Picha iko kwenye simu yangu na kwenye simu ya mke wangu.

Tano, sichanganyi tena mabaki. Na nikichanganya, naandika yote mawili.

Na likitokea la kutokea, usimlazimishe mtu kutapika. Msukutuishe, mkimbize hospitalini, na ubebe chupa yenyewe. Daktari ataiuliza.

Rafiki yangu, picha yako bado ninayo. Ile ya tatu kutoka kushoto, ya samawati, nimeitazama sana na sijui ni nini. Nadhani hata wewe hujui. Mwanao anatimiza miaka minne Agosti. Leo jioni, kabla hujanyoa, chukua penseli.