Foleni Isiyo na Mwisho Si Busara



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tutafakari jambo ambalo wengi hulipita kimya kimya: matibabu ya watu wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyozaliwa nayo, katika huduma ya afya ya umma nchini Uingereza. Mtauliza, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa kuwa swali lililomo ni la kila hospitali inayoendeshwa kwa kodi ya wote: je, mgonjwa ambaye jamii haijakubaliana juu yake anastahili kujibiwa?

Huduma ya Afya ya Taifa, NHS, ilianza mwaka 1948 ili mtu atibiwe kwa kadiri ya hitaji lake, si ya mfuko wake. Katiba ya huduma hiyo kwa England inaahidi kwamba aliyepelekwa kwa daktari bingwa kwa tatizo lisilo la dharura ataanza kutibiwa ndani ya majuma 18. Lakini mtu mzima anayepelekwa katika kliniki za jinsia husubiri miaka. Katika baadhi ya kliniki hizo, zaidi ya mitano. Wala hasubiri upasuaji, bali kuonana na daktari kwa mara ya kwanza tu.

Wapo wanaoishangilia foleni hiyo. Husema: heri wacheleweshwe, wapate kufikiri, subira yavuta heri. Hoja hiyo naikataa kabisa. Tahadhari ya kweli ina macho na masikio: humwita mtu, humsikiliza, humpima, humwambia ndiyo au hapana pamoja na sababu. Foleni haifanyi lolote kati ya hayo. Haimtambui aliyekata tamaa ya kuishi, wala haimtofautishi anayehitaji dawa na anayehitaji mshauri. Na wapo waliochoka kungoja, wakanunua homoni kwenye mtandao na kuzitumia bila kupimwa damu. Je, hiyo ndiyo tahadhari tunayoisifu?

Hata ripoti ya Dkt. Hilary Cass ya Aprili 2024 kuhusu watoto na vijana, ambayo wapinzani wa tiba hizo huitaja sana, haikuisifu foleni. Ilisema ushahidi juu ya dawa za kuzuia balehe ni dhaifu. Ikataka pia vijana wachunguzwe kwa ukamilifu, pamoja na afya ya akili, na wahudumiwe karibu na kwao. Kushika nusu ya kwanza na kuitupa ya pili si uaminifu.

Mwezi huo huo, tamko la Vatikani, Dignitas Infinita, lilieleza pingamizi la Kanisa juu ya kubadili jinsia. Silifichi hilo. Lakini msingi wa tamko lenyewe ni kwamba hadhi ya mtu haiondolewi na hali yoyote. Kulikataa tendo si ruhusa ya kumtelekeza mtu.

Mkumbukeni yule wa birika la Bethzatha, mgonjwa wa miaka 38. Yesu hakumsifu kwa subira yake. Alimwendea, akamuuliza, akamsikiliza.

Serikali inayoona tiba haifai, na iseme wazi, itoe sababu, ikubali kuhojiwa. Inayoona inafaa, na iweke madaktari. Kumwandikisha mtu kisha kumwacha miaka mitano ni kusema hapana bila ujasiri wa kuitamka. Wahenga walikwisha kuonya: ngoja ngoja huumiza matumbo.