Ukomo wa Ubunge: Barua kutoka Michigan

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Lansing, makao makuu ya jimbo la Michigan. Kila mjadala wa Katiba mpya unapoibuka huko Tanzania, suala la ukomo wa ubunge husukumwa pembeni. Naomba safari hii tulishike.

Wenzetu wa huku wamelijaribu. Mwaka 1992 wananchi walikusanya saini, wakapiga kura na kuandika ndani ya katiba ya jimbo: mwakilishi vipindi vitatu vya miaka miwili, seneta vipindi viwili vya miaka minne, kisha harudi tena kwenye nafasi hiyo maishani. Ilipofika 1998, zaidi ya nusu ya wawakilishi 110 walitoka kwa mkupuo.

Sura mpya zikaingia, lakini miaka sita haikutosha kuijua kazi. Mwakilishi anaapishwa Januari, na kabla hajazoea kanuni anatakiwa kupitisha bajeti ya jimbo zima. Agosti ya mwaka unaofuata yumo kwenye kura za mchujo. Enzi hizo alipofika kipindi cha tatu, pale ambapo angeweza kuwabana wakuu wa idara kwa maswali, tayari alikuwa anasaka cheo kingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wayne State walilifuatilia Bunge la jimbo hilo kwa miaka mingi, wakaona usimamizi wa serikali ukilegea na washawishi wa kulipwa wakizidi nguvu. Hao hawana ukomo.

Mwaka 2022 wapigakura wakarekebisha: miaka 12 kwa jumla, mtu aimalize katika chombo kimoja au aigawanye kati ya viwili. Ukomo haukufutwa.

Sasa kumbukeni Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 2013. Ilipendekeza vipindi vitatu vya miaka mitano, yaani miaka 15: muda wa kujifunza kazi, kuifanya na kuwaachia wengine. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilikiondoa kipengele hicho kule Dodoma. Humo walikaa wabunge wote wa Muungano, wale wale ambao ukomo ungewagusa. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Najua jibu linalotolewa: mbunge mbaya aondolewe kwa kura. Lakini aliyekaa miaka 20 ana jina, fedha na wajumbe wa chama aliowazoea. Kijana mwenye uwezo huangushwa kwenye kura za maoni za chama kabla wananchi hawajamwona.

Kwa hiyo Rasimu ikirudi mezani, daini miaka 15 irudi nayo. Daini pia Bunge liwe na wachambuzi wa bajeti na wanasheria wa kutosha, ili mbunge mgeni asitafute majibu kwa mwenye maslahi yake. Na kipengele hiki kiamuliwe na wananchi wenyewe, kwa kura yao, kama walivyofanya watu wa Michigan.

Ndugu yenu,
Lansing, Michigan