Taka Zipo, Mafundi Je?

Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu walikishua Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa tani kama 10 za taka za plastiki na kuvikwa vipande vya kandambili 30,000 hivi. Mwaka 2019 kikatweka tanga hadi Unguja. Wengi walistaajabia rangi zake. Mimi naustahi mkono uliokiunda. Plastiki si mbao, hupinda kwa joto. Haikubali kuwa mkuku na mataruma ila kwa fundi mwenye ujuzi wa kurithi. Taka hazitatuishia upesi, mafundi ndio watakaotuishia. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Vijana wetu na washikishwe tezo mapema, tena kwa ujira.