Mazutu ya mimea: falanga ya nani, mapafu ya nani?

Bandugu wa kazi, na ninyi bamama wenye kutungojea ku nyumba,

Siku hizi watu wanasema sana juu ya biodizeli, ni kusema mazutu ya mimea. Inatengenezwa na mafuta ya soya, ya ngazi, ao mafuta yenye yamekwisha kukaangia. Wanaichanganya na mazutu ya kawaida, kamioni inatembea. Wengine watafikiri haya ni mambo ya wakubwa wa kampani. Siye tunasema hapana: njo mambo ya kifua chetu na ya sufuria yetu.

Tuanzie Marekani. Tangu 2005, serikali ya kule ilipunguzia kodi wenye kuchanganya mazutu hiyo: dola 1 kwa kila galoni, karibu lita 3.8. Lakini sheria hiyo ilikuwa ya muda. Mwisho wa 2009 ikakufa, viwanda vingine vikasimama. Desemba 2010 ikafufuliwa. Mwisho wa 2017 ikakufa tena, wakaingoja mpaka Desemba 2019. Mwisho wa 2024 ikaisha, mpango mwingine ukachukua nafasi yake. Falanga ya serikali inakuja, inaenda.

Kule kuko sheria ingine, ile haisemi falanga. Inasema hewa. Tangu Mei 2008, ku migodi ya chini ya udongo, isipokuwa ile ya makaa, hewa yenye mchimbaji anapumua zamu nzima haipaswi kupita mikrogramu 160 za kaboni ya moshi wa dizeli kwa kila meta kyubiki. Kuko kampani zilizotia mazutu ya mimea ndani ya mashine juu ya kufikia kipimo hiki, kwa sababu inapunguza masizi. Haimalizi sumu yote: feni za hewa zinabakia za lazima.

Na sumu hiyo haiko hadithi. Mwaka 2012 wanasayansi walitoa uchunguzi juu ya wafanyakazi 12,315 wa migodi 8 ya Marekani: wenye walipumua moshi mwingi zaidi walikufa zaidi na kansa ya mapafu. Mwaka ule ule, kitengo cha kansa cha Shirika la Afya Duniani kikasema wazi: moshi wa dizeli unaleta kansa.

Sasa tuende Indonesia. Kule serikali inakata ushuru ku mafuta ya ngazi yanayouzwa inje, na falanga hiyo inalipia biodizeli. Tangu Septemba 2018 sheria ya kuchanganya ilifikia hata mashine za migodi. Mwaka 2025 kiasi kilipanda: asilimia 40. Lakini 2022 bei ya mafuta ya kupikia ilipanda sana, bamama wakapanga mistari, mpaka serikali ikafunga kuuza inje toka 28 Aprili mpaka 23 Mei. Sababu zilikuwa nyingi, vita vya Ukraine pia. Lakini pale tanki na sufuria zinakula mafuta moja, sufuria njo inalia ya kwanza.

Hapa kwetu mafuta ya ngazi ni chakula cha kila siku. Kwa hiyo, siku serikali itataka kusaidia biodizeli, siye wa sendika tutauliza mambo matatu. Moja: msaada unaingia mfuko wa nani? Mbili: mafuta yatatoka wapi, ku sahani ya batoto ao ku mafuta yenye yamekwisha kutumika? Tatu: kipimo cha hewa ku shimo ni ngapi, nani anapima, na delege anaona karatasi?

La tatu hatungojei biodizeli kwa kuliuliza. Tuliulize ku mkutano unaokuja, kila delege na mukubwa wake. Msaada wa bei unaweza kuisha Desemba. Mapafu hayana mwaka mpya.