Gharama ya Kususia

Tunapozungumza juu ya mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi huwa tunawakumbuka waliofungwa na waliouawa, na hiyo ni haki yao. Leo ukurasa huu unakuomba umfikirie mtu wa namna nyingine: mwanamke wa Moscow, mcheza tenisi, ambaye mapambano hayo yalimgharimu miaka kwa uamuzi usiokuwa wake.

Olga Morozova alizaliwa mwaka 1949. Katika Muungano wa Kisovieti tenisi haikuwa na heshima kubwa, maana ilikuwa imeondolewa katika Michezo ya Olimpiki baada ya mwaka 1924, na serikali ile ilipenda medali. Hata hivyo, mwaka 1965 Olga alishinda mashindano ya wasichana ya Wimbledon, Uingereza.

Mwaka wake hasa ulikuwa 1974. Alifika fainali ya Ufaransa, akashindwa na Chris Evert wa Marekani kwa 6-1, 6-2. Lakini akiwa pamoja na Evert huyo huyo alitwaa kombe la wawili wawili. (Mrusi na Mmarekani kugawana kombe katika siku zile halikuwa jambo dogo!) Wiki chache baadaye, katika Wimbledon, alimtoa bingwa mtetezi Billie Jean King, kisha akamtoa Virginia Wade wa Uingereza, ndipo Evert akamzuia tena katika fainali.

Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi. Septemba mwaka huo, katika fainali ya wawili wawili ya Marekani, Olga na Wade walishindwa na Linky Boshoff na Ilana Kloss, wote wawili wa Afrika Kusini. Mwaka 1977 serikali ya Kisovieti iliwaondoa wachezaji wake katika mashindano ya kimataifa ya tenisi, kupinga kushirikishwa kwa Makaburu. Olga alikuwa na umri wa miaka 28. Wewe mfanyakazi unajua maana ya kusimamishwa kazi ungali na nguvu zako. Mwaka huo huo Wade, ambaye Olga aliwahi kumshinda, alikuwa bingwa wa Wimbledon akiwa na miaka 31.

Sisi Watanzania jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1974, pale Christchurch, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, mbele ya John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ikasubiri wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika, na yetu ikiwamo, zilisusia Olimpiki ile baada ya timu ya raga ya New Zealand kuzuru Afrika Kusini. Bayi angalau alipata siku nyingine: mwaka 1980, katika mji ule ule wa Olga, alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Mwandishi hasemi kwamba kususia kulikuwa kosa. Makaburu waliipenda mno michezo, na kufungiwa viwanja kuliwauma kuliko hotuba nyingi. Lakini aliyetia sahihi amri hakupoteza hata siku moja ya ujana wake. Aliyelipa ni yule mwenye raketi na yule mwenye viatu vya mbio, na sidhani kama tumewahi kuwashukuru inavyostahili.

Olga aligeuka mwalimu, akawafundisha wachezaji wa taifa lake, na mwaka 1990 alihamia Uingereza kufundisha huko. Warusi walisubiri hadi mwaka 2004 ndipo mwanamke wao alipotwaa taji la Ufaransa: Anastasia Myskina alimshinda Mrusi mwenzake, Elena Dementieva, kwa 6-1, 6-2, hesabu zile zile alizofungwa nazo Olga miaka 30 kabla.