Sokwe Ana Jina, Mvuvi Hana

Imezuka upya miongoni mwa wasafiri fahari ya kutembea na kamera ya filamu. Husemwa kuwa mkanda wa picha 36 humfunza mtu subira: hapigi ovyo kama mwenye simu, bali huchagua, akatazama mara mbili kabla ya kubonyeza. Sifa hiyo haikosi ukweli. Lakini anayejisifu kwa kuchagua hana budi kuhukumiwa kwa alichokichagua, na kwa wengi wanaoshuka Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, hukumu hiyo si njema.

Safari yao inajulikana. Asubuhi moja Ujiji, kwenye jiwe la ukumbusho la Livingstone. Kisha Kibirizi, kisha boti ya Gombe. Mkanda ukishasafishwa huonekana jiwe, machweo, sokwe kadhaa, na mvuvi mmoja aliyenaswa kwa mbali akianua dagaa, mgongo ameugeuzia kamera. Taa za wavuvi zinazotanda ziwani katika usiku usio na mbalamwezi hazimo. Saa hizo msafiri amelala.

Ajabu ya jiwe lile ni kuwa picha mashuhuri kuliko zote za Ujiji haikupigwa na kamera yoyote. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 hapakuwa na mpiga picha. Kinachojulikana ulimwenguni ni mchoro uliotengenezwa baadaye kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Mwaka 1872 Stanley aliingia studio mjini London, akapigwa picha pamoja na Kalulu, mtoto aliyepewa Unyanyembe kama zawadi. Ujiji yenyewe, pamoja na soko lake, misikiti yake, na Kiswahili kilichofika na misafara ya pwani kikakutana na Kiha na lugha za Manyema, iligeuzwa pazia la nyuma ya wageni wawili. Msafiri anayemaliza robo ya mkanda wake kwenye jiwe anauchora upya mchoro uleule.

Gombe nako kuna hesabu yake. Jane Goodall alifika mwaka 1960, na mwaka 1962 akaja mpiga picha Hugo van Lawick, aliyetumwa na National Geographic. Kazi yao ni kubwa, wala hakuna mwenye insafu atakayeidunisha. Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, ndiye aliyewapa sokwe majina wakati wanasayansi walitaka wapewe nambari. Sokwe aitwaye Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilimwandikia tanzia. Tanzia ya sokwe! Hilo si kosa. Lakini ni wasafiri wangapi wanaomjua Flo waliowahi kulisikia jina la Hilali Matama? Huyo, mwandamizi miongoni mwa watafiti wasaidizi, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 shambulio dhidi ya dume aliyeitwa Godi, mwanzo wa mapambano yaliyobomoa dhana kwamba sokwe ni viumbe wa amani tu. Na mwaka 1975, vijana wanne wa kigeni walipotekwa na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa, na wageni wengine wakaondoka, Watanzania ndio waliobaki wakiwafuata sokwe mlimani na kuandika kila walichokiona. Goodall aliwataja vitabuni mwake. Kamera za watalii bado hazijawaona.

Watetezi watasema lugha ni ngumu. Lugha ngumu Ujiji, mji unaozungumza Kiswahili tangu kabla reli haijafikiriwa! Wala msafiri wa pwani asijitoe lawamani. Mtu wa Unguja au Lamu anajua uchungu wa kupigwa picha akiwa amesimama mlangoni kwake, kisha akajikuta kwenye kadi ya posta asiyeitwa jina; naye akifika Kigoma hutenda yaleyale.

Si kwamba filamu haina urithi mwingine. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, chumba cha kusafishia kilikuwa na giza lilelile. Lakini aliyeketi mbele ya kamera ya studio ndiye aliyeitaka picha, akachagua vazi lake, kisha akarudi kuichukua na kuitundika ukutani kwake.

Mwenye simu aweza kumgeuzia mvuvi kioo akajiona papo hapo. Mwenye filamu hawezi. Picha huondoka Kigoma imefungwa koponi, ikasafishwa Nairobi au Berlin, na aliyepigwa asiione maishani. Basi deni la mwenye filamu ni kubwa zaidi, naye ndiye anayedai kuwa na subira ya kulilipa. Jina na liulizwe kabla ya kubonyeza, liandikwe nyuma ya picha, na nakala irudi Kibirizi. Mabasi yanafika Kigoma, na mvuvi hahitaji anwani: ukitaja jina lake mwaloni, ataitwa.